Safu ya Wagema

Wilaya imeleta fomu, kurasa kumi na mbili,
irudi kabla ya soko la Pahing.
Naijaza mimi, Sarkum, karani wa Kedungsirat.
Kalamu ya ofisi inavuja, ya kwangu haina wino.

Eneo: hekta mia moja na tisini,
ukipima kiangazi.
Masika mto humega pembe ya shamba la Pak Mungin
ukaitema ng'ambo, kwa shemeji yake,
nao hukaa mwaka mzima bila salamu.
Mpaka wa kaskazini: misonobari ya serikali.
Mpaka wa kusini: mfereji, na ugomvi wa mfereji.

Kaya: mia mbili na kumi na nne.
Wakazi waliopo?
Yatini yuko Taiwan, anamwogesha bibi wa watu,
na kila mwezi hutuma vigae vya paa, ada ya mdogo wake,
dawa ya kikohozi cha babaye.
Yupo, au hayupo?
Nimeandika yupo. Nikafuta. Nikaandika tena.
Karatasi imetoboka hapo.

Mazao: mpunga, mara mbili kwa mwaka, panya wakiridhia.
Muhogo miteremkoni.
Sukari guru ya mnazi.

Katika mstari huo wa mwisho ndimo tunamoishi:
karai linatokota tangu asubuhi,
wanawake macho mekundu, wala hawalii,
rojo linamiminwa vifuuni, linaganda rangi ya udongo,
linangoja mizani ya Haji Darsum,
mizani ambayo haijawahi kukosea upande wetu.

Mgema wa huku halitii tembo maji.
Hulitia chokaa na ganda la mangostini lisichache,
na hakuna anayemsifu.
Asubuhi minazi ishirini na mitano,
jioni ile ile ishirini na mitano,
mitungi ya mwanzi ikigongana kiunoni.

Idadi ya wagema, wanaume: arobaini.
Mwaka jana walikuwa arobaini na mmoja.
Safu ya wanawake imezibwa kwa wino mweusi,
imekuja hivyo kutoka kiwandani.

Januari, vidato vikiteleza kuvu,
Wagimin alishuka mnazi wa kumi na saba
bila kutumia miguu.
Hakufa.
Fomu ina kisanduku cha waliokufa, kina chao waliozaliwa,
haina cha mtu aliyelazwa kitanda cha mwanzi
anayeitazama miguu yake kama wageni
waliokuja wakanyamaza.

Mkewe, Ngatirah, aliacha shule kabla ya kidato cha kwanza.
Sasa, adhana haijaadhiniwa,
hukaza saruni ya mumewe katikati ya mapaja
akapanda vidato thelathini vya mnazi wa kwanza,
thelathini na vinne vya wa pili.
Watu walisema mwanamke akiukwea mnazi hukauka.
Mnazi haukusema kitu. Ulitoa tembo.

Wagimin hulala dirishani akisikiliza
kisu kinavyochonga karara: kwa.
Kimya.
Kwa.
Kimya kikirefuka, hushika ukingo wa kitanda
mpaka mwanzi ulie.
Kwa.

Jana nilimfuata hadi shina la mnazi wa tisa,
fomu kwapani, nikamwuliza: kazi yako niandike nini,
mama wa nyumbani?
Alikuwa juu, nyayo tu zinaonekana, zimepasuka.
"Andika upesi," alisema, "tembo halingoji.
Na sogea hapo, nisije nikakudondoshea mtungi."

Nimechukua rula.
Kando ya safu iliyozibwa nimechora nyingine,
nyembamba, imepinda kidogo.
Wanawake: mmoja.

Nimejumlisha mara mbili.
Arobaini na mmoja, sawa na mwaka jana.
Wilayani watapitisha kidole kwenye mstari huo,
watagonga muhuri, watasema
Kedungsirat hakujatokea kitu.